Mstari wa Jumamosi

Jumatatu, 4 Machi

Daktari ameniambia niandike kila siku ninachohisi. Sihisi kitu, kwa hiyo nitaandika kinachotokea. Mvua imeanza leo asubuhi, na mimi nimerudi kazini leo asubuhi. Mvua imepokelewa vizuri zaidi.

Tangu mume wangu afariki mwezi wa Desemba watu wananisemesha kwa sauti ya chini. Meneja amenipa pole ndefu akiwa anatazama kifungo cha shati lake. Aliyenisemesha kama mtu ni mwenzangu wa meza ya pili, ambaye tunamwita Bubu kwa sababu hajawahi kunyamaza. "Karibu," amesema. "Umekonda. Kiti chako nilikiazima, nitakirudisha kesho nikikumbuka."

Kampuni yetu inaendesha mfumo wa kuagiza mitungi ya oksijeni kwa wagonjwa walio majumbani. Mgonjwa anabonyeza kwenye simu, oda inapita kwenye seva zetu za kukodi huko kwenye wingu, inatokea ghalani, dereva anapeleka mtungi. Sasa Meneja anataka dashibodi, yaani skrini kubwa ukutani yenye vibao, kila kibao kikionyesha kama huduma fulani ni nzima au inaumwa. Tusijisumbue kuanza mwanzo, amesema, tutumie violezo vilivyo tayari. Mteja mkubwa anakuja Mei, na mteja huyo anapenda vitu vya kuonekana.

Nimemwambia sawa. Siku hizi kila kitu nasema sawa.

Jumanne, 5 Machi

Ninaishi na mama mkwe. Mapafu yake yamechoka, si ya kupona. Umeme ukiwepo anavuta hewa ya mashine, umeme ukikatika tunafungua mtungi, na umeme wa msimu wa mvua kila mtu anaujua. Mtungi wenyewe unasimama katikati ya sebule na tunauzunguka mchana kutwa. Pembe nzuri ya kuuweka ni ile ya koridoni, nje ya mlango wa chumba chake, lakini hapo pana viatu vya mume wangu. Hakuna aliyesema visiondolewe. Hakuna aliyeviondoa.

Kwa miaka tisa mama mkwe alikuwa ananiita bi harusi, hata siku tulizonuniana. Tangu Desemba ananiita wewe.

Leo ameniuliza kazi yangu hasa ni nini. Nimemweleza mambo ya seva na wingu. Amesikiliza mpaka mwisho, mpira wa hewa puani. "Kwa hiyo mali ya watu mmeiweka mawinguni," amesema, "na mvua hii?" Nilijua ni mzaha. Sikucheka, naye hakungoja nicheke.

Ijumaa, 8 Machi

Vibao vinne. Mvua.

Jumanne, 12 Machi

Vibao saba. Kiolezo kinakuja na kila kitu ndani: rangi, mistari, hata data za mfano za duka ambalo halipo duniani, ili uone kibao kitakavyopendeza kabla hujakiunganisha na mfumo wako. Unatoa za mfano, unaweka zako, unakwenda kinachofuata. Kutoa, kuweka, kinachofuata. Kazi hii inanifaa kwa sasa, haihitaji niwepo.

Cha foleni ya oda kimetoka kizuri kuliko vyote. Mstari wake unapanda asubuhi, unatulia mchana, unapanda tena jioni. Sikuhangaika nacho.

Bubu ameuliza kama nimevijaribu. Zamani nilikuwa na desturi yangu: nikimaliza kibao naagiza kitu kimoja cha kweli, halafu namngojea yule mmoja atokee kwenye mstari. Wenzangu walikuwa wananitania kwamba namsubiri mgeni. Nimemjibu Bubu kwamba violezo vimeshajaribiwa na waliovitengeneza. Amenitazama kidogo, kisha akaanza kunisimulia habari za mwenye nyumba wake.

Alhamisi, 14 Machi

Meneja anataka maandishi madogo ya pembeni mwa vibao yaondolewe. Yanachafua skrini, amesema, na hakuna anayeyasoma. Sawa. Nimeyafuta yote kwa mkupuo.

Jumapili, 17 Machi

Wifi yangu amepiga simu kutoka kwake, kama kila Jumapili. "Mama anaendeleaje?" Mzima. "Na wewe, wifi?" Mzima. Akashukuru, akakata. Mama mkwe alikuwa amekaa palepale. "Mbona hukumwambia kwamba usiku nakohoa?" ameniuliza. Nikaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa visafi.

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Vibao vyote kijani.

Jumamosi, 23 Machi

Zamu yangu ya Jumamosi. Mstari wa foleni umepanda leo kuliko siku zote za wiki, na Jumamosi iliyopita ulipanda hivihivi. Nimemuuliza Bubu kwa nini wagonjwa waagize zaidi Jumamosi. Yeye hashindwi na swali. "Jumamosi ndugu wanakwenda kuwatazama wagonjwa," amesema. "Wanaona mtungi umepungua, wanaona aibu, wanaagiza." Limeniingia akilini. Nimemwandikia Meneja maelezo hayohayo, naye amefurahi sana.

Jumanne, 26 Machi

Kikao. Meneja amesimama mbele ya skrini, akapitisha kidole juu ya kile kilima cha Jumamosi. Kuanzia wiki hii madereva wawili wa Jumatatu wanahamishiwa Jumamosi. Tunaongozwa na data, amesema. Tumepiga makofi. Mimi pia nilipiga, nikawa naitazama mikono yangu ikipiga.

Jumamosi, 30 Machi

Dereva ameleta mtungi wetu. Ni mtu mnene, mpole, anayejua kuruka vile viatu vya koridoni bila kuviangalia. Mama mkwe amemuuliza kama kazi ni nyingi.

"Kazi gani, mama? Jumatatu ndiyo ya kukimbizana, na sasa mwenzangu mmoja atabaki peke yake. Jumamosi tumejaa ghalani tunacheza karata. Mtungi wenu ndio wangu wa pili tangu asubuhi."

Nimemwambia mstari unaonyesha Jumamosi ndiyo siku yenye kazi nyingi.

"Basi dada, huo mstari uje unisaidie kubeba," amesema, akanipa karatasi nitie sahihi.

Nimefikiri nimwambie Meneja. Kisha nikafikiri dereva anatia chumvi ili arudishiwe Jumatatu yake. Nimelala mchana wote.

Jumatatu, 1 Aprili

Umeme umekatika kutwa. Mvua.

Jumatano, 3 Aprili

Umeme umerudi, umekatika, umerudi. Vibao kijani.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimeagiza mtungi kabla ya kwenda kazini. Uliopo utatufikisha Alhamisi kama umeme utakuwa unakujakuja. Kazini Meneja ameniita kioo cha kampuni. Nadhani alikuwa ananisifu.

Jumanne, 9 Aprili

Mtungi haujafika. Barabara ya kuja kwetu imejaa maji. Ni mvua tu.

Jumatano, 10 Aprili

Mtungi haujafika. Umeme umekatika tangu alfajiri na mashine ya hewa imekaa kimya. Nimepiga simu ghalani, haipatikani. Nusu ya minara ya simu imezimika.

Jioni mama mkwe ameniuliza, "Hicho kioo chako cha ofisini kinasemaje?"

Nimemwambia kinasema mitungi inatoka vizuri.

"Mimi mlangoni sijaona mtu."

"Ni mvua, Mama. Dereva hawezi kupita."

"Sawa," amesema. Ni neno langu, na sikulipenda mdomoni mwake. Mshale wa mtungi umekaribia sehemu nyekundu. Nimeupunguza mkondo wa hewa kidogo, naye akageukia ukutani ili asinione nikiupunguza.

Alhamisi, 11 Aprili

Naandika nikiwa nimekaa sakafuni, nje ya chumba chake. Nasikia mtungi mpya unavyotoa hewa. Nitaandika yote kwa mpangilio, maana nikiruka kitu sitakirudia.

Asubuhi mshale ulikuwa ndani ya nyekundu. Nilisema tuondoke twende hospitali, akasema hawezi kubebwa mgongoni kwenye maji, hata mtoto wake hakuwahi kumbeba. "Nenda kazini," akaniambia. "Ukikaa hapa hewa itaongezeka? Nenda ukaulize mtungi wangu uko wapi." Nikamwambia ikifika saa sita bila mtungi nitarudi na watu wa kumbeba, apende asipende. Nikaondoka. Niliona ni jambo la busara kabisa, kumwacha mtu asiye na hewa ili nikatazame skrini.

Ofisini jenereta lilikuwa linanguruma. Mtandao wa mji karibu wote ulikuwa umelala. Kwenye skrini kibao cha kuingia kwenye programu kikageuka chekundu, kikafuata cha malipo, kikafuata cha jumbe. Bubu alikuwa anavisoma kwa sauti kimoja kimoja na kuvitania. Meneja aliagiza chai.

Kibao cha foleni peke yake kilibaki kijani. Mstari wake ulikuwa unapanda taratibu kwenda kwenye kilima chake cha asubuhi. Chini kidogo ya kilele ukadidimia, kidogo tu, kisha ukaendelea. Nikakumbuka kuwa nimeshauona ukididimia hapohapo. Alhamisi iliyopita, na ile ya kabla yake.

Nikasema, "Watu hawawezi kuingia kwenye programu. Hizi oda anaziagiza nani?"

Bubu akafungua mdomo, akaufunga. Akanyamaza. Nimefanya naye kazi miaka sita na sikuwahi kumwona akinyamaza, na hapo ndipo nilipoogopa.

Alivuta kiti chake, ambacho ni changu, akafungua kibao kwa ndani. Palipoandikwa data zinatoka wapi, palikuwa na neno moja: mfano. Tangu tarehe 12 Machi tulikuwa tunatazama foleni ya lile duka lisilokuwepo. Wateja ambao hawajazaliwa ndio waliokuwa wananunua sana Jumamosi. Madereva wetu tuliwahamisha kwa ajili yao.

Kisha akafungua foleni yetu ya kweli. Oda zaidi ya arobaini zilikuwa zimekwama tangu Ijumaa iliyopita. Kibali cha kuunganisha seva zetu na ghala kilikuwa kimekwisha muda wake siku hiyo, mlango ukafunga, oda zikajipanga nje. Ya mama mkwe ilikuwa katikati, na jina la mume wangu juu yake, kwa sababu yeye ndiye aliyetuandikisha.

Meneja alikuja na kikombe. "Msiiguse skrini kwanza," alisema. "Tukae tujadili tutakavyolieleza."

Bubu alikuwa ameshashika simu ya mezani, anasoma jina la kwanza. Aliniambia bila kugeuka, "Wewe nenda ghalani. Huku niachie mimi, kuongea ndiyo kazi yangu."

Sikumbuki ngazi. Namkumbuka kijana wa pikipiki aliyekataa, na wa pili aliyekubali. Ghalani mtunza stoo alikuwa ameketi mlangoni anatazama mvua, na nyuma yake mitungi imepangwa mpaka juu, imejaa. Nilimuuliza kwa nini hawapeleki. Alishangaa kwa dhati. "Hatujapata oda tangu Ijumaa, dada. Tukajua ni mvua. Watu wakiona maji hawaagizi." Majumbani tulisema ni mvua, dereva hawezi kupita. Ofisini tulisema kijani. Kila mtu alikuwa na sababu yake nzuri, na mitungi ilikuwa imekaa pale.

Tulipakia gari yule dereva mnene na mimi. Aliponiuliza tuanze wapi, nilikuwa na orodha ambayo Bubu alimsomea mtunza stoo kwa simu ya mezani wakati tunapakia, na kulikuwa na nyumba tatu kabla ya yetu. Nilisema, "Kwetu." Naandika hivi kwa sababu ndivyo nilivyosema, na sikuona aibu, na sasa hivi pia siioni.

Maji yalikuwa yameingia koridoni, yanafika vifundoni. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake na si kitandani nilipomwacha. Midomo yake ilikuwa na rangi ambayo sitaki kuiandika. Mpira ulikuwa puani lakini mtungi ulikuwa umekwisha. Na mapajani alikuwa amepakata viatu vya mume wangu.

Dereva alifungua mtungi, mimi nikaufungia mita ya hewa, vidole vyangu vilijua kazi kuliko mimi. Hewa ikaanza kutoka. Tukangoja. Dereva akavua kofia. Baada ya muda kifua cha mama mkwe kikaacha kurukaruka, akafumbua macho, akatutazama mmoja baada ya mwingine.

"Maji yaliingia," alisema. "Vingelowa."

Hapo nikakasirika. Nilikasirika mpaka masikio yakaziba. Nikamwambia aliinuka kitandani bila hewa, akatembea kwenye maji, akainama, kwa ajili ya viatu. Nikamwambia mwenye viatu hayupo na hatarudi kuvivaa, na yeye yupo, na mimi sina mtu mwingine humu ndani, na akifa kwa ajili ya viatu sitamsamehe, na mwanawe sitamsamehe. Nilikuwa napiga kelele. Dereva alikwenda kusimama nje kwenye mvua.

Mama mkwe alinisikiliza kama alivyonisikiliza habari za seva, mpaka mwisho.

"Kumbe umo," alisema. "Nilidhani nimezika wawili."

Nimelia mpaka nimeumwa mbavu. Sijui ni muda gani. Dereva aliniachia mtungi wa akiba, akaendelea na orodha peke yake.

Ijumaa, 12 Aprili

Sikwenda kazini. Bubu amepiga simu kwa kila aliyekuwa kwenye foleni, akamaliza jana usiku, sauti imemkauka. Wote wamepata mitungi. Mzee mmoja alikuwa ameshapelekwa hospitali na majirani. Mjukuu wake amesema anapumua, ila hatambui watu vizuri. Nyumba yake ilikuwa mojawapo ya zile tatu.

Nimesoma nilichoandika jana kuhusu aibu. Nakiacha hivyohivyo. Leo ninayo.

Jumapili, 14 Aprili

Wifi amepiga. "Mama anaendeleaje?" Nimemwambia. Alhamisi yote, tangu mshale mpaka viatu. Alilia kule, mimi nikalia huku, mama mkwe akadai apewe simu. "Mnalilia nini na mimi ndiye niliyekosa hewa?" alituuliza.

Jumatano, 17 Aprili

Yule mzee amerudi nyumbani. Nilikwenda kumwona. Hakunifahamu, na kwa kweli hatujawahi kufahamiana. Nilikaa dakika chache, nikamwambia mjukuu ukweli wote kuhusu kibao na kuhusu gari lilipoanzia. Kisha alinisindikiza mpaka mlangoni, hakunipa mkono.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimevifungua vibao vyote kimoja kimoja. Kingine kimoja nacho kilikuwa kinaishi kwenye lile duka. Nimeongeza kibao cha vibali vinavyokaribia kwisha muda. Maandishi madogo, yale yanayosema data zinatoka wapi, nimeyarudisha yote. Madereva wamerudishiwa Jumatatu yao.

Mstari wa foleni wa kweli ni mbaya kuutazama. Haupandi wala haushuki kwa utaratibu, una mapengo, kuna saa nzima unalala chini kabisa, halafu unaruka bila sababu. Meneja ameniita. Mteja anakuja wiki ijayo, amesema, hatuwezi angalau kurudisha ule wa zamani kwa siku moja? Kwa ajili ya muonekano tu.

Nilifungua mdomo nikasikia neno likija, lile neno langu. Nikasema, "Hapana."

Alingoja niendelee. Bubu alitoa kauli ndefu kwa niaba yangu.

Ijumaa, 3 Mei

Mteja amekuja jana, ametazama mstari wetu mbaya, akauliza maswali mengi. Bado hajasema atabaki au ataondoka. Meneja hanisemeshi, na sauti yake ya chini sina hamu nayo.

Mvua imepungua. Leo asubuhi nilikuwa nimebakiza kitu kimoja kwenye kile kibao cha foleni, nikampigia mama mkwe simu kutoka ofisini.

"Mama, chukua ile simu ya kuagizia. Bonyeza mtungi mmoja."

"Wa nini? Kuna mmoja umejaa na mwingine nusu. Umeme upo."

"Najua. Nataka kukuona."

"Unione wapi, bi harusi?"

Hakuonekana kujua alichosema, au alijua akapita tu. Bubu alikuwa amesimama nyuma yangu, kiti changu mkononi. Nikasema, "Huku. Wewe bonyeza."

Nilimsikia akitafuta miwani, akilalamika. Kisha kimya. Mstari ulikuwa umelala chini. Ukakaa vilevile, ukakaa, halafu mwishoni kabisa ukainuka kwa kiasi cha oda moja.

"Nimekuona," nilisema.

"Haya. Sasa huo mtungi wa tatu tunauweka wapi? Sebuleni hapapitiki."

Nikamwambia uwekwe koridoni, kwenye ile pembe.

Alivuta pumzi. Nilizisikia zikiingia na kutoka, mbili au tatu.

"Basi uwahi kurudi," alisema. "Viatu tuviondoe mimi na wewe, kabla dereva hajafika."